Utepe wa Sentimita Mia na Hamsini

Miaka kumi na tisa nimewapima wanawake wa Ngamiani:
kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono.
Namba naziandika daftarini,
siri zao nazimeza.
Mimi mwenyewe sikujipima.
Utepe wangu unaishia mia na hamsini
nami nilikwishaupita
kama basi linavyopita kituo asichoshuka mtu.

Dar walinipunguza tumbo,
wakaniachia la kadiri ya kikombe cha kahawa.
Nikarudi Barabara ya Kumi na Nne
nikitembea kama niliyefutika mayai ndani ya kanga.
Watu hudhani kisu ndiyo kazi.
Kisu ni usingizi tu.
Kazi ni Jumatatu inayofuata.

Supu iliyochujwa: kijiko. Pumua. Kijiko.
Binti yangu Mwanamkasi kaketi na simu yake,
ananihesabia dakika kama refa.
"Mama, bado. Haya, sasa."
Siku ya yai, nusu yake tu
niliianza adhuhuri,
alasiri ikaadhiniwa sijaimaliza.

Halafu nywele nazo zikaaga,
nazikuta kwenye chanuo, kwenye mto, kwenye gauni la mteja.
Ndoo ya lita kumi, tena nusu,
ikanishinda pale bombani.
Mtoto wa jirani, wa darasa la tatu,
akanipokea bila kusema kitu.
Huko kutosema ndiko kulikoniuma.

Na mdomo wa mtaa haushonwi.
"Mgeni kaisha." "Kukonda kule si bure."
Mmoja akaja kunipa pole
ya maradhi asiyoyataja,
macho yake yakinipima pasipo utepe.
Nikamtilia chai.
Yeye vikombe viwili, mimi vijiko vinne.
Tukaagana kwa heri.

Magauni yangu nimeyapunguza mwenyewe, usiku.
Sikukata.
Nimeacha akiba ndani ya mshono, vidole vitatu kila upande.
Fundi hamwamini mtu kwa mwili wake,
hata akiwa ni yeye.

Ikaja Alhamisi ile.
Sketi kumi na mbili za shule, Jumatatu wanafungua,
na umeme, kama kawaida yake, ukaenda zake.
Mashine ya Kichina ikanyamaza katikati ya pindo.
Kwenye kona, chini ya marobota,
cherehani ya miguu ya marehemu mama,
nilikuwa naitumia kuwekea pasi.

Nikaifuta vumbi. Nikatia mafuta.
Nikaweka mguu kwenye kanyagio.
Paja likatetemeka kama la ndama.
Nikaacha. Nikanywa maji, mafunda mawili.
Nikaweka tena.

Sijui ni sketi ya ngapi
mkanda wa ngozi ulipoacha kulia ukaanza kunong'ona.
Gurudumu likawa linanivuta, si mimi ninayelisukuma.
Kwa kukanyaga kule, ingekuwa baiskeli,
ningefika Pongwe, nikanunua machungwa, nikarudi.
Jasho likanitoka. Nikalinusa mkononi:
si lile la homa, la kitandani,
lilikuwa na chumvi yake, la mtu aliyetoka kazini.

Sketi ya tisa nikakata uzi kwa meno,
nikasikia kitu chini ya mbavu, kushoto.
Nikashtuka, nikadhani kovu limefunguka.
Nikatulia, nikasikiliza.
Ilikuwa njaa.

Si ile ya zamani, iliyokuwa ikiingia bila hodi
ikakaa kwenye kiti changu, ikala hadi masufuria.
Hii ilibisha mlango, ikasimama nje na viatu vyake mkononi.
Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Na mimi, niliyepewa jina hilo na bibi yangu,
sikujua siku hiyo nani mwenyeji.

Nikasema karibu.
Samaki wa kuchemsha, kipande cha vidole viwili,
mwanga wa kandili.
Kijiko. Pumua.
Mwanamkasi alikuwa keshalala,
simu kifuani.
Dakika nikazihesabu mwenyewe.