Kidole cha Mwisho

Ibra, chumba namba tisa.
Daktari Raya anagonga kiwiko, palipo na kinundu;
umeme unashuka mpaka kidole cha mwisho,
kile kilichoanza kudondosha sindano
nikidarizi kofia ya Mundhir.

"Picha inanong'ona saratani,
lakini picha nayo husingizia."
Wakachukua kinofu, chembamba kama uzi.

Siku kumi na moja.
Halwa ikakauka sahanini.
Walioniuliza niliwaambia nimeulalia mkono.

Leo: si saratani.
"Mwili wako, Bi Ghaniya, umejiwasha wenyewe
kando ya mshipa wa fahamu. Hapakuwa na adui."

Hapakuwa na adui!
Nikacheka, nikajifuta kwa ukaya.
Kofia imebakiwa na vitobo arobaini, nikasema,
kidole kitarudi lini?

Akautazama mkono,
hakuitazama karatasi.