Pimamaji

Nilianza kinyume, kama anunuaye hatamu
kabla ya kumpata punda:
santuri tatu, kwenye boksi la ndizi,
sokoni Valparaíso, Jumapili ya ukungu,
na nyumbani sina cha kuzichezea.
Miezi miwili nilizitoa tu maganda,
nikazinusa (karatasi kuukuu, kabati la mtu mwingine),
nikaziinamisha kwenye taa nione ule mfereji.
Kumbe ni mmoja tu, toka ukingoni hadi kati,
safari ndefu isiyo na njia panda.

Mkononi, peso elfu themanini.
Mshahara wa kuoka mikate usiku haunenepi.
Kulikuwa na kile cha mkoba, chekundu,
spika zake humo humo tumboni,
kinapendeza kama pipi.
Bi Herminda Quilodrán, muuza vyombo vya mitumba,
alinitazama nikikitazama.
"Hicho sindano yake nzito kama jembe.
Hakichezi, kinalima.
Mwakani utavuna vumbi."
Akaburuta kingine toka chini ya meza:
cheusi, kipana, kifuniko kina ufa,
mkanda umelegea kama soksi ya mlevi.
"Elfu thelathini na tano. Mkanda mpya, elfu tano.
Sindano usinunue kwangu. Nunua mpya, dukani,
na hapo usibane mkono.
Ufa wa kifuniko hausikiki."

Hilo la mwisho ninalo hadi leo.

Amplifaya aliniazima binamu yangu Eleuterio;
sikio lake la kushoto hufa
mpaka uzungushe kitufe mara tatu
na kuitukana mara moja.
Spika ni jozi isiyo jozi,
ya mbao na ya plastiki,
mtu na shemejiye.

Lakini nyumba zetu zimebandikwa mlimani kama stempu.
Chungwa likianguka jikoni
utaliokota mlangoni.
Mkono wa sindano nao ukateleza, unaitafuta bandari.
Bi Herminda alishaniambia: usawa kwanza, sauti baadaye.
Pimamaji sina.
Nikaweka glasi ya maji juu ya sahani,
nikapiga magoti, shavu mezani,
nikasukuma sarafu chini ya mguu mmoja:
kumi, kumi, hamsini, tena kumi,
chenji yangu yote ikawa msingi.
Maji yakatulia.

Nikazungusha uzani wa nyuma
hadi mkono ukaelea, haupandi, haushuki,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Nikauongezea gramu mbili,
ndipo ukakumbuka.

Kwanza mchakato wa mafuta yakingoja kitunguu.
Kisha mtu akakohoa, mbali, chumba kingine, mwaka mwingine.
Kisha gitaa, na mwanamke
ambaye jina lake limefutika kwenye lebo,
akaimba nimesimama na unga kwenye nyusi,
sijavua hata viatu.

Wimbo wa pili, ardhi ikajikuna,
kama kawaida yake huku kwetu.
Vijiko vikagongana. Sindano ikaruka,
ikaangukia neno moja:
ngoja, akasema mwanamke,
ngoja,
ngoja,
ngoja.

Nikangoja.
Taa ilipoacha kubembea
nikainua mkono kwa kidole kimoja,
nikatafuta sarafu ya hamsini iliyokimbilia mlangoni,
nikairudisha chini ya mguu wake,
nikajaza glasi.