Mguu wa Pili, Mguu wa Tatu

Mashine ya kupimia moyo imeletwa kutoka zahanati ya Rustavi,
imeviringishwa blanketi, kama mgonjwa.
Haichori mlima wala bonde.
Kalamu imeng'ang'ania ukingo wa juu wa karatasi.

Nje, theluji ya Tbilisi haijui ianguke au inyeshe.
Nachukua mita ya baba, ile ya manjano,
kioo kina ufa, ila haijapata kunidanganya.
Ncha nyeusi naituliza kwenye ardhi ya saketi,
nyekundu naitembeza kwa kuvizia:
mkono ukiteleza hapa, nitaua nilichokuja kuponya.

Mguu wa saba, volti kumi na tano. Chakula kipo.
Mguu wa nne, kumi na tano hasi. Kipo.
Mguu wa sita, wa kutolea:
kumi na tatu nukta nane,
umegota darini, haushuki.

"Imekufa hii chipu," najisemea,
na chuma cha lehemu tayari kinafuka.

Chumba cha pili, baba anacheza nardi na Jemali.
"TANO NA SITA!" Vikombe vinatetema kabatini.
Tangu masikio yazibe, Nugzari hana mnong'ono.
"TSIALA! CHAI!"

Alinifunza enzi hizo akisikia:
usiizike chipu kabla hujaihoji.
Pima wa pili, pima wa tatu,
hao ni mapacha, hutakiwa kulingana;
wasipolingana, uliza nani kazidi.

Wa tatu, milivolti ishirini.
Wa pili, sufuri. Sufuri kavu.
Wa tatu kazidi, basi kupanda juu ni haki.
Chipu haisemi uongo.
Inapiga kelele
kwa kuwa sauti yake hairudi sikioni.

Nazima umeme. Nazungusha kitasa hadi kwenye omu.
Rezista ya kurudishia, si kubwa kuliko punje ya mchele,
kwa macho nzima, rangi zake zote zipo;
mita inasema: hapa hapapiti mtu.

Naibadilisha. Nawasha.
Wa pili unapanda, ishirini, sawa na pacha wake,
na wa sita, taratibu, unashuka toka darini.

Nampelekea baba chai.
"AHSANTE!"
Nashika kiganja chake, nakibandika kooni pake mwenyewe.
Ananitazama sana.
"Ahsante," anasema, na mara hii
Jemali hainui hata kichwa.

Kisha dado zinaviringika.
"SITA NA SITA!"