Mara Mojamoja

Nilifika Kitangari saa tisa na nusu, daftari la stakabadhi kwapani,
fomu nne, kalamu mbili, moja haiandiki.
Malalamiko yalikuwa ya Likwata, mwenye banda la mpira pale njiapanda:
kwamba kwa Somoe Nantembo panaonyeshwa mechi
na ukutani hakuna leseni
kama ya kwake, aliyoitia fremu.

Runinga yenyewe inchi ishirini na nne.
Ilinunuliwa baada ya mnada wa tatu wa korosho,
mwaka ule bei ilipopanda, kabla haijakumbuka ilikotoka.
Siku nyingi inafunikwa kitambaa cha kufuma
na juu yake inalala saa isiyo na betri.

"Mnaangalia matangazo ya moja kwa moja?" nikauliza, kama fomu inavyouliza.
"Mara mojamoja."
"Mara mojamoja ni mara ngapi?"
Akahesabu kwa vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya ganda:
"Mwaka huu tatu. Ile ya mvua, ile umeme ulipokatika,
na ile waliyorusha chupa."

Majirani kumi na wawili mkekani.
Mlangoni kopo la maziwa, kila mmoja mia mbili.
Nikamwambia, hicho ni kiingilio.
"Kiingilio ukikosa hupiti," akasema.
"Chilumba hajatoa tangu Ramadhani
na ndiye aliyekalia kiti."
Kifurushi hakijilipi, akaongeza, na maji nayo
dumu linapanda kutoka bondeni kwa mia tano.

Nilikuwa na swali la sita. Sikuliuliza.
Timu zilikuwa zinaingia
na Somoe ameshajisogeza, uso karibu na kioo,
si katikati ulipo mpira,
pembeni, pembeni kabisa, penye chokaa.

Mwanawe Mfaume ni mshika kibendera.

Nani anaongoza, hajui.
Goli likiingia watu wanaruka, yeye anauliza: "Kainua? Hakuinua?"
Na kamera inampita Mfaume
kama basi linavyompita mtu asiye na nauli:
soksi, kiwiko, sekunde mbili,
halafu nyasi tena.

"Si ungesubiri marudio ya usiku," nikamnong'oneza.
"Marudio hakuna anayeyashtakia."
Hakugeuka.
"Kwenye marudio mwanangu keshatoka uwanjani,
keshaoga, keshalala. Hanihitaji.
Hii ya sasa, chupa bado zimo mikononi mwa watu."

Dakika ya themanini na ngapi sijui, kibendera kikaenda juu.
Jukwaa zima likasimama.
Chilumba akamtukana mshika kibendera, na mama wa mshika kibendera,
akakumbuka yuko kwa nani,
akanyamaza, akainuka, akatumbukiza mia mbili.
Somoe alikuwa ameuma pindo la kanga.
Hata tusi hakulisikia, au alilisikia akalipeleka mbele
hadi filimbi, hadi Mfaume akatokea tena ukingoni
akikimbia kinyumenyume, mzima.

Filimbi ya mwisho haijakauka, kitambaa kimerudi.
Wachambuzi wakaongea gizani, kisha wakazimwa.

Nilipoiinamia fomu, kwenye idadi ya watazamaji
nilikuta nimeandika kumi na tatu.
Nikahesabu upya.
Kumi na wawili. Na viatu vyangu mlangoni
katikati ya ndala zao; sikumbuki nilivivua lini.

Penye Ndiyo au Hapana nikaandika: mara mojamoja.

Wilayani wakairudisha na wino mwekundu:
Hilo si jibu. Chagua moja.
Iko kwenye droo ya chini, chini ya fomu za mabucha.
Likwata ameshaulizia mara mbili.
Jumamosi kuna mechi; waliopangwa pembeni bado hawajatajwa.
Nimebakiza mia mbili ya sarafu mfuko wa shati.
Kiingilio au mchango, nitajua nikishaitoa.