Arobaini Yangu

Jirani yangu Mwanahamisi alipojifungua,
barabara ya kumi na nne nzima ilijua kabla ya adhana.
Walikuja na uji wa pilipili manga, na kuku wa kienyeji,
na kitambaa cha kumfunga tumbo.
Siku arobaini hakushika kinu wala ndoo.
Mimi mwenyewe nilimfulia.

Mimi nilijifungua kwa mhuri.
Saa nne na robo, Jumanne, mezani kwa afisa ustawi,
wino wa zambarau, saini tatu,
na binti wa miaka sita kakalia ukingo wa benchi,
nguo zake ndani ya mfuko wa sukari.
Kwanza malezi ya kambo, walisema,
kuasili baadaye, mahakama ikiridhia.
Nilirudi Ngamiani nimempakia baiskeli,
Mhina akitufuata kwa miguu, kashika kandambili moja iliyodondoka.
Hakuna aliyeleta uji.

Kabla ya hapo walikuja, hao wa ofisini.
Walihesabu madirisha. Walipima chumba kwa hatua.
Waliuliza mshahara wa Mhina kiwanda cha kamba,
wakafungua na choo, wakatazama, wakaandika.
Haya, sikatai. Mtoto si wa kumtupia yeyote.
Lakini tangu aingie, hata mmoja hajarudi kuuliza:
na wewe mama, umelala?

Sikulala.
Semeni alikuwa anapiga hodi.
Hodi mlango wa jikoni, hodi uani,
hodi mbele ya kitanda chake mwenyewe.
Usiku wa manane nikiamka kunywa maji
namkuta wima gizani. "Shikamoo," ananiambia,
kwa sauti ile ile ya kuwaamkia wageni wa kituoni,
wanaoleta sabuni na kupiga picha.
Nikimkumbatia anakauka kama ubao.
Mwezi wa tatu akaacha shikamoo, akaanza kuuma.
Alama hizi hapa, mkono wa kushoto.

Nikaenda ofisini. Afisa kahamishiwa Korogwe.
Aliyepo akafunua jalada: "Kwani unataka kumrudisha?"
Kumrudisha! Kitenge hiki, kimechuja rangi?
Nilitaka mtu wa kuniambia meno yale yanasema nini.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi,"
wifi yangu husema, akinitazama tumbo.
Pale Bombo daktari aliuliza: kwenu kuna pumu?
Nikabaki mdomo wazi.
Kwetu wapi, kwetu kwangu au kwetu kwake?
Shule inataka cheti. Cheti kinangoja mahakama.
Mahakama inangoja barua.
Barua inamngoja aliyeko Korogwe.

Siombi sifa. Msiniite mwenye moyo,
neno hilo watu hulitoa ili waondoke mikono mitupu.
Naomba arobaini yangu.
Namba moja ya simu inayopokelewa usiku.
Mtu anayewajua watoto waliohamishwahamishwa,
aje akae mkekani, fomu aiache kwenye pikipiki.
Na wazazi wengine kama sisi, nasikia wapo, Pongwe, Muheza,
tukutane tuonyeshane makovu, tucheke.
Na Jumamosi moja tu, mtu abaki na Semeni,
mimi na Mhina tukakae Raskazone
tusiseme kitu.

Jana Mwanahamisi kaja
na bakuli lililofunikwa kawa.
"Nimechelewa," kasema. "Miezi minane."
Pilipili manga ikanipanda puani, nikalia, nikasingizia moshi.
Semeni akatoka uani, akapita katikati yetu,
akaninyang'anya kijiko.
Hakupiga hodi.

Leo asubuhi kaniuma tena.

Jumatatu narudi ofisini.
Bakuli nitakwenda nalo.
Nitaliweka mezani, juu ya jalada,
likiwa bado na harufu yake.