Gunia la Nani Hili?

Ndirangu mwimbaji hakuja.
Mkewe alikuwa hospitalini tangu alfajiri,
na sisi tulikwisha lipia chumba hadi saa kumi:
chumba cha nyuma ya kinu cha kusaga, Kaptembwo,
ambamo hata utando wa buibui ulikuwa na unga.

"Tupige tu," akasema Makokha.
"Maneno yatatukuta njiani."

Tukaoanisha nyuzi na mngurumo wa kinu,
maana kinanda hatukuwa nacho,
na kinu kile, kikisaga mahindi makavu, kilishika noti moja tu,
kama mtu mwenye deni anayerudia hesabu.
Yakiingia mahindi mabichi, noti ilishuka.
Ndiyo maana ukisikiliza leo utasema gita limelegea kidogo.
Halikulegea. Kuna mtu hakuanika mahindi yake.

Wengi husifu vidole vya Makokha.
Nami navisifu. Lakini ujue
uzi wa tatu ulikatika Jumatano,
duka la nyuzi liko Nairobi, na nauli iko kwa Mungu.
Akauchambua waya wa breki,
akachomoa unywele mmoja wa chuma, akaufunga.
Ule mkwaruzo wa katikati,
ambao vijana wa roki wanausaka kwa mashine za bei ya ng'ombe,
ni breki ya baiskeli ya Omwoyo.
Omwoyo alirudi kwake Rhonda
akisimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu.

Huyo Omwoyo ndiye wa besi.
Hatajwi. Besi ni chumvi,
husemwa siku ikikosekana.
Lakini dakika ya pili, Makokha anapopanda,
anapopanda hadi ukingoni kabisa, kama mtu aliyefika Menengai
na bado anatafuta pa kukanyaga,
Omwoyo ananyamaza.
Mapigo manne.
Kiganja juu ya nyuzi, hapumui.
Mapigo manne ardhi imeondolewa
na gita linaning'inia, linagundua liko juu mno,
kisha anairudisha, taratibu, chini ya nyayo zake.
Nimepiga ngoma miaka ishirini na sita.
Sijasikia tena mtu akikipiga kimya namna ile.

Mimi?
Mimi nilikuwa na ngoma tatu, toazi lenye ufa
na mimba ya miezi saba.
Mguu wa kulia ulikuwa umevimba,
ngoma kubwa nikaikanyaga kwa wa kushoto,
ndiyo sababu mdundo unachechemea.
Kijana mmoja wa Kisumu aliniambia
ameufanyia mazoezi mwaka mzima uchechemeaji huo
na bado haujamkaa mwilini.
Nilimwangalia miguu. Ilikuwa mizima.

Saa tisa na nusu Ndirangu akatokea mlangoni,
matope hadi magotini, karatasi mkononi.
"Msichana," akasema kwa midomo tu,
tusije tukasimama. Hatukusimama.
Akaifunua karatasi, akawa anatafuta pa kuingilia.
Pa kuingilia palikuwapo. Tulimwachia, kwa mazoea.
Nikamwona akivuta pumzi, kifua kikijaa,
mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na mara zote tatu akaiachilia bure.
Akakunja karatasi. Akaketi juu ya gunia
na kumsikiliza Makokha akishuka.

Noti ya mwisho ilikuwa haijafa
Chelagat mwenye kinu alipochungulia, akafoka:
"Gunia la nani hili?"
Na kaseti ilikuwa bado inazunguka.

Basi hayo ndiyo maneno pekee ya kibao kile.
Tukikipiga sasa, ukumbi mzima hungoja mwisho,
watu hushikana mabega,
na gita likizimika hupaza sauti kwa pamoja, hata watoto,
wakiuliza gunia ni la nani.

Ndirangu bado anayo karatasi.
Niliwahi kumwomba anisomee.
Alisema yalikuwa maneno mazuri sana,
akaniongezea chai.