Kikombe cha Bati

Baba alikataza maji mezani
(mkekani, niseme kweli; meza hatukuwa nayo).
"Anywaye akila hushibia maji.
Tumbo la maji halishiki jembe."
Basi tukameza ugali wa muhogo mkavumkavu,
macho yametutoka kama ya panzi,
nsansa imekwama kooni,
na mtungi wa mama pale pembeni
unatoa jasho, unatucheka.

Jana, Isevya, nimemlisha mimi.
Meno matatu. Mate hayaji.
Tonge linazunguka kinywani
kama mgeni asiyeuona mlango.
Sikumwomba ruhusa.
Nikachota maji kwa kikombe cha bati,
kile kile, kilichobanduka rangi ukingoni,
nikamwekea kando ya mchuzi.

Funda. Tonge. Funda tena.
Kongomeo likapanda,
likashuka taratibu kama ndoo kisimani,
na safari hii hakukohoa.
Sahani ikabaki nyeupe;
akauliza na ukoko.

"Kalunde."
Abee, baba.
"Maji haya ya wapi?"
Ya mtungini, baba. Ule ule.

Akakitazama kikombe, akakitikisa,
akamalizia lililobaki chini.

"Matamu," akasema.
"Mngeniambia."